Fuko Asiyezeeka na Shamba la Dani

Fuko hakimbizwi. Ukimkimbiza atakuacha unatwanga ardhi kwa jembe huku yeye anaendelea kula viazi vyako. Unachofanya ni kutafuta rundo la udongo mbichi, unafukua mpaka uione njia yake, halafu unaiacha wazi. Basi. Fuko hapendi upepo uingie nyumbani mwake. Atakuja kuziba. Akija anakutana na kamba, fimbo iliyopindwa inafyatuka, na mambo yake yanaishia hapo. Mwenye shamba anaonyeshwa mkia, ananilipa, nami nahamia shamba la pili.

Hiyo ndiyo kazi yangu huku Suna, Migori. Shule niliiacha kidato cha pili. Vijana wa rika langu wengi wako Masara wakichimba dhahabu, na wakiniona na fimbo zangu begani huniuliza kama leo nimepata ratili ngapi za panya. Mimi huwajibu kwamba angalau fuko yupo kweli.

Aliyenifundisha kutega ni dani. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na huyu wangu ndiye mama mzaa baba, aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki. Kwetu nyanya na mjukuu wa kiume hutaniana bila breki. Yeye huniita chuora, yaani mume wangu, na mimi humuuliza kwa nini anayeosha sufuria ni mimi na hali mimi ndiye mume. Nilikuwa nimemwahidi nyumba ya ghorofa, choo ndani, dirisha linalotazama ziwa. Aliuliza tu ngazi zitakuwa ngapi.

Mwaka jana, kiangazi kilipokuwa kinaanza, dani alianza kula odowa. Ni yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni kando ya nyanya na vitunguu, na kila mtu anajua wanunuzi wake ni akina nani: wanawake wajawazito.

"Dani," nikamwambia, "hiyo mimba ni ya nani? Maana mimi sina habari."

"Ni yako, chuora. Andaa nepi."

Tulicheka sana. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo nikaona kwamba hashiki ukuta kwa sababu ya kicheko. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyeshinda akifua nguo. Kutoka jikoni hadi kwenye kisima, alipumzika mara mbili, na mara ya pili alijifanya anaangalia kuku.

Hospitalini Migori walimpima, wakasema damu iko chini sana, wakampa vidonge. Vidonge vikaisha, damu ikabaki pale pale. Wakatutuma Homa Bay, ambako tuliambiwa tutamkuta daktari anayejua mambo ya damu. Alikuwa daktari kijana, miwani mikubwa, sauti ya chini kama mtu anayezungumza kanisani. Alimchoma dani sindano kwenye mfupa wa nyonga, akatoa kitu kidogo chekundu, na siku kadhaa baadaye akatuita.

"Nyanya, damu haitoki kwenye chakula peke yake," akaanza. "Inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Humo kuna seli ambazo ndizo mama wa damu yote. Tunaziita seli shina. Zinagawanyika maisha yako yote, zikizaa damu mpya. Sasa zikigawanyika sana, miaka na miaka, zinachoka. Nyingine zinakufa. Nyingine zinaanza kuzaa vibaya, zinatoa damu isiyokomaa, tena hizo mbovu ndizo zinazozaana kuliko nzuri."

Dani alisikiliza akiwa ameshika mkoba wake magotini. "Yaani mbegu zangu zimeharibika."

"Ndiyo, nyanya. Ni kama mbegu."

"Na mbegu nyingine zinauzwa wapi?"

Daktari alinitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyeuliza. Alieleza kwamba kuna njia ya kupandikiza mbegu za mtu mwingine, lakini dawa inayotangulia kusafisha mifupa ni kali mno, na kwa umri wa dani ingemmaliza kabla haijamsaidia. Kilichobaki ni kumwongezea damu kila inapopungua. Itapanda, itashuka, ataongezewa tena.

"Mpaka lini?" nikauliza.

Akaniuliza nafanya kazi gani. Nafikiri alitaka tu kuhamisha mazungumzo, kwa huruma. Nikamwambia natega fuko.

Alikaa wima. "Fuko? Unajua kuna fuko mmoja anayeshangaza ulimwengu mzima?"

Basi akatueleza. Katika sehemu kavu za nchi hii, mbali na sisi, upande wa mashariki na kaskazini, kuna fuko asiye na manyoya. Ana mikunjo na rangi ya kitoto kichanga, meno yamejitokeza nje ya midomo. Ni mdogo kama panya wa nyumbani, na panya wa nyumbani akiishi miaka mitatu ni mzee wa kanisa. Lakini fuko huyu anapita miaka thelathini. Na haonekani kuzeeka. Wataalamu wamechungulia mpaka ndani ya uboho wake, wakakuta mbegu zake za damu ni nyingi na hazina haraka. Zinagawanyika polepole, kama zinajua safari ni ndefu. Anakaa na damu ya ujana miaka yote hiyo.

Nikamtazama dani. Dani alikuwa anatazama viganja vyake.

"Miaka thelathini chini ya ardhi," akasema. "Na huyu chuora angemaliza yote kwa kamba ya katani."

Daktari alicheka, dani akacheka, mimi sikucheka. Kichwani mwangu kulikuwa kumewaka taa. Mimi nimekata mikia ya fuko kuliko mtu yeyote upande wetu. Kama kuna kitu duniani ninachoweza kukipata, ni fuko.

Dani alilazwa wadini kungoja damu, na damu ilitaka watu wa kuitoa. Tuliombwa tuwalete ndugu wachangie, ili benki ya damu isikauke kwa wengine. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Lakini nilipomwona sista akiwapima watu uzito na kuwarudisha waliopungua kilo hamsini, nilitoka nje mara moja. Najijua. Mwili wangu ni fimbo za mitego tu. Uani palikuwa na kokoto za ujenzi. Nikajaza mifuko minne ya suruali, nikarudi nikitembea taratibu kama mheshimiwa.

Nikapanda mizani. Sista akatazama namba, akatazama shingo yangu.

"Hamsini na moja. Haya. Hebu ruka kidogo."

"Niruke?"

"Ruka, ndugu yangu."

Nikaruka. Foleni nzima ikasikia.

"Mbona unagonga kama gunia la karanga?" akauliza. "Toa mawe, mpenzi. Toa yote. Damu tunataka yako, si ya kokoto."

Watu walicheka hadi wakaketi. Hata mimi nilicheka nikiyatoa moja moja. Nilipopanda tena, nilikuwa na kilo arobaini na sita. Sista alinishika bega akasema niende nikale, nirudi siku nyingine. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniliza, huko nje, penye kokoto.

Baba mdogo alikuja kutoka nyumbani. Yeye ana mwili. Wakampima presha, wakamwambia hawezi, tena akae chini kwanza wampe dawa. Mkewe alikuwa ananyonyesha. Tukabaki tunatazamana, familia nzima, hakuna hata mmoja mwenye damu inayokubalika. Mwishowe dani aliongezewa damu ya watu tusiowajua. Nesi alisema wanafunzi wa sekondari fulani walikuwa wamechangia. Dani aliutazama ule mfuko ukidondoka, akaniambia, "Sasa nitaanza kukutoroka usiku niende disko."

Lakini haikumtosha. Ikapanda kidogo, wakasema angoje mfuko mwingine, akangoja. Na akingoja, mvua ikaanza.

Hapo ndipo shida yetu nyingine ilipokuja. Kwetu, mama mkubwa wa boma ndiye anayetoa mbegu. Mbegu hulala nyumbani kwake, na asubuhi yeye ndiye anayepiga jembe la kwanza na kutia punje ya kwanza ardhini. Kabla yake, hakuna mwana wala mke wa mwana anayepanda chochote. Mazao yakiiva pia, yeye ndiye wa kwanza kuvuna na kuonja. Babu alishafariki, kwa hiyo jambo lote liko mikononi mwa dani.

Baba mdogo alirudi nyumbani, akawa anapiga simu.

"Majirani wamepanda juzi. Mama anasemaje?"

"Anangoja damu, baba."

"Na mvua nayo inamngoja?"

"Kwani hatuwezi kuanza tu, yeye akubali kwa simu?"

Alinyamaza muda mrefu. "Wewe ni mtoto. Simu haipandi mahindi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watano na shamba lililolimwa, jeusi, likinyeshewa bure. Kulikuwa na njia moja tu ya boma kupanda bila dani, na njia hiyo hakuna aliyeitaja. Lakini nilikuwa naisikia kwenye ule ukimya wa simu, na najua yeye pia alikuwa anaisikia na anajichukia kwa kuisikia.

Nilikwenda nyumbani kumchukulia dani nguo. Huko, kabla ya kurudi Homa Bay, nilitega bila kitanzi, kwa mkono na subira, nikamtoa fuko akiwa hai. Nikamtia kwenye debe lenye udongo na viazi, nikafunika kwa wavu. Njia nzima alikuwa anakwaruza. Nikamvizia daktari mlangoni.

"Daktari, nimekuletea."

Akafungua wavu, akachungulia. Fuko akamwonyesha meno.

"Huyu ana manyoya," akasema.

"Tunaweza kumnyoa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu aliona sitanii. Tukakaa kwenye benchi, debe katikati yetu.

"Sikiza," akasema. "Huyu ni fuko mwingine kabisa. Huyu wa kwenu anazeeka kama sisi. Lakini hata ungeniletea yule wa kule kavu, leo, nisingejua nimfanye nini. Si dawa. Ukimla si dawa, ukinywa damu yake si dawa. Wanamtazama tu, wanajaribu kuelewa."

"Wamemtazama muda gani?"

"Muda mrefu."

"Na dani?"

Alipangusa miwani yake kwa koti jeupe, upande huu na upande huu, ingawa ilikuwa safi. "Laiti ningekuwa na jibu," akasema. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu aliyesoma hivyo akiwa amekwama mahali pale pale nilipokwama mimi. Sikujua kama hilo linanifariji au linaniogopesha. Nafikiri liliniogopesha.

Dani alipata mfuko wa pili, akaomba ruhusa. Daktari alitaka abaki, dani akamwambia, "Mwanangu, nina watu wanaonisubiri wapande. Ukinizuia hapa utakuwa umezuia sufuria za boma zima." Akaruhusiwa. Yule fuko nilirudi naye. Nilishindwa kumuua baada ya kusafiri naye kwenda na kurudi, kama wageni wawili waliokosa mwenyeji. Nikamwachia mwisho wa shamba letu. Mtega fuko anamwachia fuko shambani mwake! Vijana wa Masara wakisoma hapa, wacheke tu.

Siku iliyofuata mbegu zililala kwa dani, kwenye kikapu karibu na kitanda. Asubuhi anga lilikuwa limefunga. Boma zima lilitoka: baba mdogo, mkewe akiwa na mtoto mgongoni, watoto, mimi. Dani alivaa kitambaa chake cha kanisani. Alitembea mwenyewe hadi shambani, akapumzika njiani, na mara hii hakujifanya anaangalia kuku.

Akainua jembe. Lilipanda mpaka kiunoni, likashuka lenyewe. Akainua tena. Ardhi ilikuwa laini, hata mtoto angeichimba. Yeye alichimba kishimo kimoja kwa mapigo manne, na baada ya kila pigo nilisikia pumzi yake. Nikasogea, nikashika mpini.

"Wacha!" baba mdogo alisema. Hakupiga kelele. "Mkono wako haufungui shamba. Ukishika, hajapanda yeye."

"Lakini amechoka, baba. Si unaona?"

"Naona."

Nilimtazama, na kweli alikuwa anaona. Macho yake yalikuwa yamejaa. Alikuwa amekunja mikono kifuani, ameibana kwapani, kama mtu anayeizuia isiende mahali.

"Wacha nipande, chuora," dani akasema. "Ukinishikia watasema nimepandiwa na mume."

Nikarudi nyuma. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile la kusimama. Alipiga magoti, akaacha jembe, akachimba kwa vidole. Punje mbili, tatu, akafukia. Akasogea kwa magoti. Punje tena. Alifika kishimo cha tano au cha sita, akakaa kwenye udongo, akasema, "Haya, pandeni." Ikatosha. Kila mtu akainama kwa haraka, majembe yakaanza kulia, watoto wakakimbia na makopo ya mbegu. Ndani ya muda mfupi walikuwa wamempita, wako mbali, wanaimba. Dani alibaki ameketi mwanzoni mwa shamba akiwatazama, akiwa amefurahi kweli kweli. Mimi nilikaa naye nikimtoa udongo kwenye kucha. Chini ya udongo kucha zilikuwa nyeupe.

Ile damu ya wanafunzi ilimbeba wiki chache. Mahindi yalipotoka, nilikuwa namletea habari kitandani: yamekuwa na majani mawili, yamekuwa na manne. Yake niliyajua, yale machache ya mwanzo, yaliyokaa ovyo nje ya mstari. Halafu akarudia odowa. Hatukutaniana kuhusu mimba tena. Nilimnunulia tu.

Asubuhi moja, katikati ya mahindi yake, nilikuta rundo la udongo mbichi. Mche mmoja ulikuwa umevutwa chini, ncha tu imebaki nje, kama mkono wa mtu anayezama.

"Wewe mtega fuko," baba mdogo aliita kutoka ng'ambo, "unangoja nini?"

Sikujua nilichokuwa nangoja. Huenda alikuwa yule wa debe, huenda si yeye. Nilienda kwa dani nikamweleza yote, hata kwamba mimi ndiye niliyemwachia.

"Mahindi yangu?" akauliza.

"Yako."

Alifikiri huku akitafuna kipande chake cha odowa. "Tega," akasema. "Nataka kuyala. Nisipoyaonja, hawa watoto watakaa na njaa wakitazama mahindi mabivu. Tega, chuora."

Nikafukua njia, nikaiacha wazi, nikapinda fimbo. Jioni fimbo ilikuwa imesimama. Alikuwa fuko wa kawaida, meno ya manjano, mzee au kijana, sijui. Kwa miaka yote ya kazi yangu sijawahi kujua kuwasoma umri. Sikumkata mkia. Nilimfungua, nikamkalisha kiganjani. Mahali fulani ndani ya kale kamfupa kake kadogo kulikuwa na mbegu za damu zilizokuwa zikizaa mpaka mchana ule. Nikamzika hapo hapo, kando ya mahindi.

Sasa mahindi yamefika magotini. Kesho kutwa tunarudi Homa Bay kwa mfuko mwingine, na dani amebadilika rangi tena, hata midomo. Daktari amesema kwa simu kwamba kila mara mfuko utadumu muda mfupi kuliko uliopita. Alinieleza vizuri, pole pole, nami nilimshukuru.

Mimi nimekuwa nakula. Ugali asubuhi, ugali mchana, omena, maziwa, viazi ambavyo fuko hawakuvipata. Leo nilipeleka mahindi ya mwaka jana kwenye mashine ya kusaga, na nilipomaliza nikamwomba mwenye mashine anipime kwenye mizani ya magunia.

"Wewe tena?" akasema. "Panda."

Nikapanda. Akasogeza kile chuma, akasogeza, akarudisha nyuma kidogo.

"Arobaini na nane. Na mifukoni una nini? Maana habari zako za Homa Bay zilifika huku."

Nikageuza mifuko yote nje mbele yake. Kulikuwa na kipande kimoja tu cha odowa, nilichokuwa nampelekea dani. Nikakiweka juu ya gunia, nikasimama tena kwenye mizani, nimenyooka, nimevuta pumzi nyingi kifuani. Chuma hakikusogea.

Nikashuka, nikachukua unga wangu na odowa ya dani, nikaenda nyumbani kupika.